Breki Isiyotoa Moshi

Machi 2

Nina miaka sabini na mmoja. Nimewapita mameneja watano, matipa matatu, daktari aliyeniambia sifiki mwisho wa mwaka, na mke wangu ambaye alikuwa na afya kuliko mimi. Nimempita pia Chongo, dereva mwenzangu, ambaye mteremko wa machimbo ulimchukua na tipa lake nikiwa nimesimama chini namtazama anakuja. Mimi haujanichukua. Umejaribu, umechoka.

Naandika kwa sababu karani wa ofisini alisema mbele za watu, "Mzee huyu hata kuandika hajui." Najua. Naandika polepole kama tipa lenye mzigo, lakini nafika.

Jambo lenyewe ni hili. Machimbo yetu yako juu ya mlima, kinu cha kusagia mawe kiko chini. Tipa linapanda tupu na kushuka limejaa. Kupanda hata mbuzi anaweza. Kazi ya dereva wa kwetu ni kushuka, na mimi nimeshuka na mawe tangu meneja huyu mpya hajaota meno.

Leo ametuita uani. Akasema Kongwe, tipa langu, limeuzwa chuma chakavu. Yamekuja matipa mapya, marefu kama nyumba, yenye breki za oili. Tutafundishwa msimu huu wa mvua. Mvua ikiisha anakuja mkaguzi.

"Atakayeshindwa atashuka mlimani kwa miguu na hatapanda tena," meneja akasema, akinitazama mimi.

"Na atakayefaulu?"

"Atabaki na usukani."

"Basi andika jina langu sasa hivi, kabla kalamu haijalowa."

Watu wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Machi 3

Jana nilisahau kuandika nani anatufundisha. Ni mkwe wangu. Mke wa mwanangu! Mwanangu ni fundi cherehani, hajawahi kushika grisi. Mkewe ndiye fundi wa mitambo mizito, anafungua gurudumu lililomzidi kimo. Tunaishi nyumba moja. Asubuhi mume anabaki anapiga pasi, mke anavaa buti. Majirani walisema sana, wamechoka.

Machi 5

Mvua ya kwanza. Nyepesi, ya kutuliza vumbi tu.

Nimemwambia mkwe wangu kwamba tipa hili lina kasoro tangu kiwandani. Kila dereva anajua oili na breki ni maadui. Tone moja la oili likidondokea lainingi, zile ngozi zinazokwaruza ngoma ya breki, gurudumu halishiki tena, unaanza kumwita mama yako. Sasa mtu mzima na akili zake anachukua breki nzima anaitumbukiza kwenye oili! Hata mlevi hafanyi hivyo.

Hakunibishia. Akanipeleka karakana kwenye gurudumu lililofunguliwa. "Samahani, baba, naomba utazame hapa."

Nikatazama. Ndani hamna ngoma ya breki kama ya Kongwe. Mna sahani za chuma, nyingi, zimepangana kama vyombo kabatini. Sahani moja inazunguka na gurudumu, inayofuata imefungwa haizunguki, inayofuata inazunguka, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukikanyaga breki, pistoni inazisukuma zibanane zote kwa pamoja.

"Na oili?"

"Inapita katikati, baba. Ona mifereji hii kwenye uso wa sahani. Breki ikishika inatoa moto. Oili inaubeba ule moto, inatoka nao, inaenda kuupoza mbele kwenye rejeta, inarudi ikiwa baridi. Haisimami."

"Na utelezi?"

"Upo. Ndiyo maana sahani ni nyingi na pistoni inabana kwa nguvu sana. Kongwe alikuwa anashika kwa kucha. Huyu anashika kwa viganja ishirini."

Nikamwambia maneno mazuri hayajawahi kusimamisha tani arobaini. Akasema, "Samahani, baba." Kwani amenikosea nini?

Machi 6

Tipa jipya nimelipatia jina. Bubu. Nitaeleza nikipata nguvu, leo mgongo.

Machi 9

Naeleza. Breki za Kongwe zilikuwa zinasema. Zikipata joto kidogo zinanuka kama kitambaa kilichoachwa kwenye pasi. Zikizidi, zinatoa moshi wa bluu. Kila mtu alikuwa anasubiri moshi. Mimi nilikuwa nanusa. Kwa pua hii nilijua gurudumu lipi limechoka, la kushoto au la kulia, na madirisha yamefungwa. Meneja wa tatu alileta wageni waje kuitazama pua yangu. Si uongo.

Bubu hanuki. Hatoi moshi. Kila kitu kimefungwa ndani ya chuma na oili, vumbi halipiti, tope halipiti, na harufu haipiti. Kuna kishale kidogo tu kwenye dashibodi: kijani, njano, nyekundu. Basi. Dereva mzima wa miaka yote hii nimegeuzwa mtu wa kutazama kishale.

Machi 12

Nimeshuka na Bubu mara ya kwanza, na mzigo nusu. Mkwe kiti cha pembeni.

Naandika ukweli: kebini ile ni finyu. Kukaa na mkwe magoti yakaribie kugusana, tena yeye ndiye wa kuamuru! Nimejibana kwenye mlango wangu kama mtu aliyepewa lifti. Yeye naye amejibana kwenye wake. Katikati angekaa mtu wa tatu na mbuzi wake.

Na heshima ile inatuponza. Tulipofika kona ya kwanza akaanza: "Samahani, baba, kama hutajali, naomba..." Alipomaliza kuomba, kona ilikuwa imeshapita.

"Ulikuwa unataka nini?"

"Upunguze gia kabla ya kona, baba."

"Kona ipi?"

"Ile ya nyuma."

Tulipofika chini nikasimama kwenye pipa kama kawaida yetu. Hapo kuna pipa la maji na kopo. Dereva akishuka anamwagia maji ngoma za breki, zinalia shiiii. Wenzako wanasikiliza. Shiiii ndefu, wewe ni mchomaji. Shiiii fupi, wewe ni dereva. Yangu ilikuwa fupi kuliko ya mtu yeyote, hata chafya ni ndefu.

Nikamwagia Bubu. Kimya. Hata pss.

"Mmesikia?" nikawaambia. "Sikuitia joto hata kidogo!"

Wakaanguka kwa kucheka. Kisigino, yule dereva kijana mwenye mguu mzito, akalala kabisa kwenye tope. Mkwe wangu akasogea, akasema chinichini, "Samahani, baba, joto liko ndani, limeshachukuliwa na oili. Maji hayalifikii." Angesema mapema.

Machi 13

Nimemwagia tena. Ili waone siogopi kuchekwa.

Machi 17

Mvua. Hakuna kazi. Mwanangu anashona sare za shule, chumba chote ni buluu.

Machi 20

Leo nimemwambia mkwe kwamba ndani ya kebini sina mkwe. Nyumbani yeye ni mkwe, aniamkie, aniletee maji ya kunawa, sawa. Kebini ni mwalimu na anifokee.

"Siwezi, baba."

"Jaribu."

Akavuta pumzi, akanionyesha pedali ya mafuta. "Ongeza moto... samahani."

Ni mwanzo.

Machi 21

Kitu ninachogombana nacho ni makelele. Bubu anataka ushuke na gia ya pili, injini inapiga kelele njia nzima. Dereva mstaarabu anashuka kimya, injini imetulia, mguu kwenye breki. Kisigino anashuka hivyo na anajisifu anaokoa dizeli.

Mkwe anasema pampu ya oili inazungushwa na injini. Injini ikipiga kelele, pampu inakimbia, oili inapita kwa wingi sahanini. Injini ikinong'ona, pampu inasinzia, breki inaungua kimya kimya. Na gia ndogo yenyewe inazuia tipa, breki inabaki na kazi kidogo.

"Kwa hiyo ili nisimame vizuri, nikimbize injini?"

"Ndiyo, baba."

"Ulisoma hayo mahali au umeyatunga?"

"Nilisoma, na nikayaona."

Kuna watu wamesoma na kuona, bado wamekosea.

Machi 28

Tope limefika kwenye vifundo. Mbele ya Bubu pamejaa udongo mpaka taa hazionekani. Kwa vile nimekatazwa kumwagia magurudumu, nikachukua lile kopo nikaanza kuosha rejeta, kile chandarua cha chuma cha mbele. Nikawaza: kama joto la breki linaletwa huku, na huku kumezibwa na tope, litatokea wapi? Nimeligundua mwenyewe, bila kuambiwa na mtu.

Nikamwambia mkwe. Akafurahi sana. Akasema hata kitabu cha mtambo kimeandika hivyo, kuosha rejeta kila asubuhi msimu wa mvua.

Walisikia habari zangu wakaandika.

Aprili 2

Mvua. Mvua. Mvua.

Aprili 6

Mkwe ametia sahihi kwamba naweza kushuka peke yangu. Meneja akauliza, "Una hakika?" Akajibu, "Nina hakika." Hakusema samahani kwa meneja. Nimeona.

Aprili 11

Mkono unauma lakini leo naandika yote, kwa sababu kesho watasema yao.

Asubuhi mvua ilipungua, wakatupakia. Kisigino mbele, mimi nyuma, Bubu amejaa mpaka ukingo. Mkwe alikuwa karakana chini. Mara ya kwanza niko peke yangu, na kwa kuwa niko peke yangu nikasema leo nashuka kistaarabu. Nikaweka gia ya nne. Injini ikanyamaza. Raha iliyoje! Nikasikia mvua kwenye paa la kebini, nikasikia mawe yakijipanga nyuma. Nikashuka kwa mguu, kama enzi za Kongwe, nagusa breki, naachia, nagusa. Bubu anashika vizuri, mlaini, hana neno. Nikaanza kuimba.

Kona ya pili kishale kilikuwa njano. Nikakitazama, nikanusa. Hakuna harufu. Nikaamini pua.

Chini ya kona ya tatu Kisigino ameteleza, tipa lake limekaa mshazari, limeziba njia. Nikakanyaga. Bubu akasimama, lakini breki ilikuja nzito. Nikavuta hendibreki. Taa nyekundu ikawaka, na mlio, pii pii pii, kama kifaranga kilichopotea.

Sasa nisikilizeni. Kongwe akichemka breki, unafanya nini? Unasimama, unazima, unashuka, unamwacha apumzike upepo umpige. Nimefanya hivyo maisha yangu yote na niko hai. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo wenyewe. Nikazima. Ule mlio ukanyamaza. Nikajiona mtu mwenye busara.

Nimekaa hapo, mvua inapiga kioo, nikasikia harufu. Harufu ya breki! Nilifurahi, naapa. Nikasema, "Ehe, Bubu! Kumbe mdomo unao!"

Halafu nikainama dirishani. Oili inadondoka gurudumu la nyuma, nyeusi, inachanganyika na maji ya mvua, inatelemka barabarani inang'aa rangi zote. Moshi unatoka. Mweupe, si wa bluu. Moshi huu sikuujua.

Nikamwona mkwe wangu anapanda mlima. Anakimbia na buti zile kwenye tope, hana mwavuli, anapunga mikono yote miwili. Sauti ikafika kabla yake.

"Washa! Washa injini!"

Nikawa namtazama tu.

"Umezibwa masikio? WASHA! Gia huru, kanyaga moto mpaka chini!"

Nikawasha. Gia huru. Nikakanyaga. Bubu akanguruma mpaka mlima ukaitika. Nilitaka kuachia, mkwe amesimama chini ya mlango ananionyesha kwa mkono: kanyaga, kanyaga, usiachie. Kishale kikabaki nyekundu, kikabaki, nikaona kimetikisika. Kikatoka nyekundu. Kikaingia njano.

Akapanda kebini, maji yanamtiririka. Akasema polepole, "Kongwe alipozwa na upepo. Huyu amefungwa, hana upepo. Upepo wake ni oili. Ukizima injini pampu inasimama. Pampu ikisimama, ile oili inakaa pale pale inachemka na sahani zake. Ule mpira wa kuzuia oili ndio umeungua."

Nikamwuliza, "Na kama Kisigino asingeziba njia?"

Akatazama chini kule kwenye kinu. Nami nikatazama. Watu wa kinu walikuwa wametoka wote nje, wamesimama wanatuangalia juu, kama mimi nilivyosimama siku ya Chongo.

Jioni alikuja kuniomba radhi kwa kunifokea. Alitaka kupiga magoti. Nikamwambia ukiomba radhi tena nahama nyumba hii, na nyumba ni yangu.

Aprili 12

Tumeitwa ofisini. Mkwe aliitwa kwanza, mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi. Ukuta wa mbao, nasikia yote.

"Nani alimpa ruhusa?"

"Mimi."

"Alikosea nini?"

"Mimi ndiye mwalimu. Andika jina langu."

"Nitakutoa kwenye mafunzo. Utarudi kusafisha vyuma."

"Sawa."

Sawa! Mtoto wa watu anasema sawa. Hakutaja ufunguo. Hakutaja gia ya nne. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Ufunguo nilizima mimi, kwa mkono huu," nikamwambia meneja. "Gia ya nne niliweka mimi. Huyu alinifundisha gia ya pili mpaka koo likamkauka. Unamtoa kwa lipi? Kwa masikio yangu?"

"Mzee, toka."

"Sitoki. Nimeanza kuitwa ofisi hii wakati wewe unabebwa mgongoni. Unataka kumtoa mtu, nitoe mimi. Lakini hutanitoa leo. Mbele ya mkaguzi ndiyo utanitoa, kama utaweza. Ulisema mwenyewe uani, watu wote walisikia."

Meneja akacheka, cheko lisilo na furaha. "Vizuri. Utapimwa mbele ya mkaguzi. Ukishindwa, unatoka wewe na mwalimu wako. Wote wawili."

Mkwe akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema, "Imekubaliwa."

Aprili 13

Mwanangu amevunja sindano mbili za cherehani.

Aprili 20

Bubu amefungwa mpira mpya. Nilikaa karakana siku nzima nikimshikia mkwe taa. Alinionyesha sahani zilizobadilika rangi, moja baada ya nyingine, buluu kama sare za shule. Nikazishika. Bado sizipendi. Lakini nilimwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza mtu: Chongo aliona moshi, sisi sote tulioko chini tuliuona moshi wake, mbona hakusimama?

Akasema, "Breki kavu ikishatoa moshi mwingi, baba, imeshaacha kushika."

Basi miaka yote hii nimemlaumu Chongo kwamba hakujua kunusa.

Aprili 24

Tatizo si kichwa. Kichwa kimeelewa. Tatizo ni mkono. Tumefanya mazoezi uani, mkwe anapiga kelele, "Nyekundu!" na mkono wangu wa kulia unaruka kwenye ufunguo kama kuku aliyeona mtama. Kila mara. Naukemea, hausikii. Una ukaidi. Sijui umeutoa wapi.

Kisigino amesema nikatwe huo mkono nifungiwe wa mbao. Nimemwambia wa mbao ungeendesha kuliko yeye.

Aprili 27

Mwanangu ametusikiliza tukibishana mezani. Akaenda kwenye cherehani, akarudi na kifuko cha turubai gumu, kina kifungo.

"Cha nini?"

"Cha ufunguo, baba. Unauvisha ukishawasha. Mkono ukienda, utakuta kitambaa. Mpaka ufungue kifungo, utakuwa umeshakumbuka."

Nilidhani mwanangu huyu hana faida kwa dereva, kumbe alikuwa anasubiri kazi ya saizi yake.

Aprili 30

Kifuko kinafanya kazi. Mkono unaenda, unagusa turubai, unarudi na aibu.

Mei 3

"Gia!" ananiambia siku hizi. "Moto! Usilale!" Hana samahani tena. Nyumbani ananiamkia kwa upole, kebini ananigombeza kama mchunga punda. Ndivyo nilivyotaka, lakini si lazima afurahie namna ile.

Mei 8

Mvua imeanza kuchoka.

Mei 14

Nimeshuka mara nyingi na gia ya pili. Nimegundua kitu, na hiki hakimo kitabuni, nimeuliza. Bubu anasema. Anasema kwa injini. Injini ikiimba juu, sauti moja, breki ina raha. Ikianza kushuka sauti, hata kishale hakijasogea, najua pampu inachoka. Pua imestaafu. Masikio yameajiriwa. Mkwe amesema inawezekana, lakini nitazame na kishale. Ninatazama. Kwa jicho moja.

Mei 19

Kesho mkaguzi. Mwanangu amenipigia shati pasi mara mbili.

Mei 20

Mkaguzi ni mwanamume mwembamba mwenye kofia ngumu mpya. Akanitazama, akatazama karatasi, akanitazama tena. "Wewe ndiye?"

"Ndiye. Huyo mwingine amekufa."

Watu wote walikuwepo: meneja, karani, Kisigino, watu wa kinu. Mkwe wangu amesimama kwenye pipa la maji, mikono ameificha mifukoni. Alikatazwa kupanda nami.

Nikaosha rejeta. Nikawasha Bubu. Nikauvisha ufunguo.

"Hiki nini?" mkaguzi akauliza.

"Nguo ya ufunguo. Kuna baridi."

"Hairuhusiwi. Ufunguo lazima uwe wazi wakati wote. Ondoa."

Nilitaka kubisha. Nimebisha na watu wakubwa kuliko huyu. Lakini nikamwona mkwe kule chini amesimama, nikaondoa, nikakitia mfuko wa shati.

Tukapanda, tukapakiwa mpaka ukingo. Tukaanza kushuka. Gia ya pili. Bubu akapiga kelele, nikampenda kwa kelele yake. Kona ya kwanza safi. Kona ya pili mkaguzi akasema, "Weka gia ya nne, tumia breki." Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema, "Ni mtihani." Mtu yule alitaka kulipasha joto kwa makusudi! Nikaweka. Nikasikia injini inashuka sauti, pampu inachoka, kishale kinapanda njano. Tukafika pale pale chini ya kona ya tatu, kinagusa nyekundu, taa ikawaka, pii pii pii.

"Simama. Sasa fanya unavyojua."

Nikasimamisha. Hendibreki. Gia huru. Na mkono wangu wa kulia ukaondoka.

Niliuona unaondoka. Nilijua yote, pampu, oili, sahani, ningeweza kumfundisha mkaguzi mwenyewe, na mkono unaenda tu, wa miaka yote ile, una haraka ya kutuliza kile kifaranga. Vidole vikagusa chuma cha ufunguo. Hamna turubai.

Nikaurudisha nikaukalia.

Naandika ilivyokuwa. Niliuingiza chini ya paja langu, nikaukalia kwa uzito wangu wote, na mguu nikaukanyagia moto mpaka sakafuni. Bubu akanguruma. Mkaguzi akashika kofia. Nikabaki hivyo, mkono unapapatika chini ya paja, mguu uko chini, macho kwenye kishale. Nyekundu. Nyekundu. Kikatikisika. Njano. Sikuachia. Kijani. Sikuachia vilevile, mpaka mkaguzi mwenyewe akapiga kelele, "Inatosha, mzee! Inatosha!"

"Uliniambia nifanye ninavyojua."

"Mbona umekalia mkono?"

"Ndio unaopenda kuzima."

Akaandika kitu. Sijui kama kipo kipengele cha hilo. Akaniambia niteremke kwa gia niipendayo. Nikaweka ya pili.

Chini nikasimama kwenye pipa. Mkaguzi akashuka, akaongea na meneja kando. Meneja akaja, uso kama mtu aliyemeza ndimu. "Umepita. Mwalimu anabaki. Lakini kwa umri wako, kibali ni mpaka mvua ijayo tu, halafu unapimwa upya."

"Mkaguzi ajaye awe huyo huyo," nikasema. "Amepanda na mtu mmoja tu anayejua."

Mkwe wangu alikuwa amegeukia pipa. Nilidhani analia, kumbe anachota maji. Akaja na kopo limejaa, akanipa kwa mikono miwili, mbele za watu wote.

"Mwagia, baba."

"Si ulisema maji hayafiki ndani?"

"Hayafiki. Mwagia tu."

Nikamwagia gurudumu. Uani wote ukatega sikio. Kimya kabisa. Hata pss. Mara hii aliyecheka ni mimi.

Mei 21

Jua. Nimeshuka na mizigo kutwa.

Haya yote yametokea kama nilivyoyaandika. Asiyeamini amuulize mkwe wangu, mwalimu wa matipa, lakini asimuulize akiwa kebini maana atamfokea. Amuulize mwanangu, bado ana kipande cha lile turubai. Amuulize Kisigino, ambaye tangu leo asubuhi anashuka na gia ya pili na kusema ni wazo lake. Amuulize mkaguzi, kama ameshaiachia kofia yake. Chongo angeshuhudia zaidi ya wote. Nimepita pale alipopita, taratibu, nikapiga honi.

Na mkono wangu wa kulia upo, bado umekufa ganzi. Ndiyo maana mwandiko wa leo umepinda.